Samaki Mwenye Masikio

Mama anasema mtu wa miaka ishirini na minane hana enzi, ana juzi tu. Huenda ni kweli. Lakini kila nikimwona mdogo wangu Njiru amesimama mbele ya kioo nusu saa, amevaa suruali iliyopanuka chini kiasi cha kufagia uwanja mzima, maneno hunitoka yenyewe: enzi zetu, bwana! Enzi zetu kaptura moja ilivaliwa na ndugu watatu kwa zamu, na ambaye zamu yake haijafika alijificha nyuma ya ghala mpaka mwenzake arudi kutoka shule.

Ninyi wa rika langu, mliokulia katika vile vijiji vya chini ya Manyatta, kule Embu, hamhitaji kuelezwa. Naeleza kwa faida ya Njiru, ambaye nadhani anafikiri Hali ya Hatari ni jina la bendi. Serikali ya wakoloni ilibomoa nyumba zetu zilizotawanyika vilimani, ikatupanga kwenye mistari ya vibanda vya nyasi kama mahindi shambani, ili tusiwapelekee chakula wapiganaji waliokuwa msituni. Kijiji kilizungukwa na handaki lililojaa mianzi iliyochongwa, na kulikuwa na lango moja tu. Sisi miaka hiyo tuliiita Emajensi. Baba yangu alikuwa kizuizini, kama baba wa karibu kila mtoto niliyemjua, na mama zetu walishinda wakichimba mitaro kwa amri. Nimesoma hadi chuo kikuu na bado sijui kama mtu ana haki ya kukumbuka kwa furaha mahali alipofungiwa. Lakini nakumbuka hivyo hivyo. Nilikuwa na miaka tisa, na hakuna mtu mzima aliyekuwa na nafasi ya kunichunga.

Tulicheza, jamani! Mpira wa matambara na majani ya ndizi. Ringi ya baiskeli iliyosukumwa kwa kijiti mpaka ikaingia handakini, na hapo mchezo uliisha kwa sababu hakuna aliyekuwa mjinga wa kuifuata. Mchezo mkubwa kuliko yote ulikuwa wa kipande, ile pasi ambayo mkoloni alimtaka kila mtu mzima aibebe. Tulikata majani ya mgomba yawe vyeti, mmoja akawa mlinzi mlangoni, na hakuna kiumbe kilichopita bila cheti. Mbuzi walisimamishwa. Kuku walisimamishwa. Kuna jogoo mmoja tulimweka ndani asubuhi nzima kwa kosa la kubadilisha jina. Mlinzi wa kweli, aliyekaa langoni na bunduki, alitutazama akicheka, kisha akaacha kucheka, akatufukuza.

Mimi jina langu Wanja, lakini bibi yangu, Cucu, aliniita Kwa Nini. Nilimuuliza kwa nini mwezi unatufuata, kwa nini mzungu ana pua nyekundu, kwa nini lango linafungwa mchana ikiwa sisi si kuku. Jibu la Cucu lilikuwa moja kwa maswali yote: "Kula viazi vyako."

Mwisho wa mstari wa mwisho, karibu na vyoo, walipewa nafasi watu wa mto. Hizo zilikuwa familia tatu za wavuvi zilizoletwa kutoka huko bondeni, ambako joto linaanza. Huko waliishi kwa kutega samaki na kuwauza mjini Embu kwa maduka na wafanyakazi waliotoka sehemu nyingine, na kwetu walikuja na akiba yao ya samaki wakavu. Sisi hatukula samaki. Hatukumla, hatukumshika, hata kumtazama hatukumtazama. Cucu alinieleza kwamba samaki ni nyoka aliyeogopa jembe akahamia majini. Baba Igoki, mkubwa wa wale wavuvi, alipopita na kikapu chake kichwani, wanawake wetu waligeuza nyuso kuelekea ua na kusalimia ua: "Habari ya leo, Baba Igoki?" Naye alijibu kwa heshima zote, akitazama visogo.

Binti yake Igoki alikuwa rika langu, na alikuwa na akili za kishetani. Siku moja nilimuuliza: kama samaki ni nyoka, mbona wewe huna sumu? Akanipa kipande cha kuyu, samaki wa mto wao, aliyekaushwa kwa moshi, akasema nijijibu mwenyewe. Nikala. Sikuwahi kula kitu kitamu hivyo katika dunia ile ya viazi na githeri. Kesho yake nilipoamka nilikagua mikono yangu kutafuta magamba. Nilipata kipele kimoja kikavu kwenye kiwiko, nikakitunza siku tatu kwa matumaini makubwa.

"Umekula nini?" Cucu aliniuliza, pua yake ikiwa mdomoni mwangu.

"Hewa, Cucu."

"Hewa ya siku hizi ina miiba?" Akauchomoa mwiba kati ya meno yangu kwa kucha, akautupa motoni, akanawa mikono mara mbili.

Kilichobadilisha mambo ni kuja kwa Sajini Ouma. Alikuwa mkubwa wa askari wa langoni, mtu mrefu aliyezaliwa ziwani, na alikuwa ameletwa kwetu mlimani ambako chakula chake kilikuwa kwetu mwiko. Alikonda. Alifokea watu, alifokea mbwa, na filimbi yake ya kufunga lango ililia kabla ya wakati. Kisha siku moja akikagua mistari alifika karibu na vyoo, upepo ukageuka, akanusa. Alisimama kama mtu aliyeitwa kwa jina na mama yake. Akainama, akaingia kibandani mwa Baba Igoki, akala kuyu watatu bila kutamka neno. Alipomaliza alitoa kalamu, akaandika cheti: mtu huyu na watoto wawili waruhusiwe kwenda mtoni Jumanne na Ijumaa, samaki. Watoto wawili wa kubeba vikapu walikuwa Igoki na mimi. Mama aliambiwa nitakuwa nachota maji. Cucu hakuambiwa chochote, na alijua yote.

Sasa nisikilize vizuri, Njiru, maana hapa ndipo tumbo lako lilipokuwa, ingawa hukuwa umezaliwa. Wanawake waliruhusiwa kwenda mashambani kuanzia saa tatu hadi saa sita tu. Mashamba yetu ya nduma na viazi yalikuwa ng'ambo ya kilima. Ukienda na kurudi, umebaki na muda wa kung'oa mzizi mmoja na kuupangusa. Watoto wadogo walianza kuvimba miguu. Lakini siku ambazo Sajini Ouma alikula samaki, alikaa kwenye kiti chake langoni, mkanda umelegezwa, akajipangusa vidole kimoja kimoja, na filimbi akaisahau mfukoni mpaka saa kumi.

Wanawake waligundua jambo hilo katika wiki mbili. Hawakulizungumza. Ila kila Jumanne asubuhi Cucu alinipitia karibu, akitazama mbali, akauliza, "Wale nyoka wako, wapo?" Kanisani mzee wa dua aliombea mifugo, mimea, "na wale wa majini, Bwana, ambao hatuwataji." Na kina mama waliitikia Amina kwa sauti ambayo Yesu mwenyewe hakuwa akiipata.

Basi kijiji kizima cha watu wasiokula samaki kikawa kinaishi kwa samaki, na Baba Igoki, ambaye hakuna aliyemtazama, ndiye aliyekuwa anatulisha. Mimi nilimtazama. Alitega migono, ile mitego ya fito iliyosukwa kama chupa, kati ya mawe ambako maji yalikuwa yanajikunja. Chambo kilikuwa kumbikumbi na uji mgumu. Alipoutoa mgono majini aliuinua polepole kama mtu anayemtoa mtoto kitandani. Alirudisha wadogo. Nilimuuliza kwa nini. "Huyu bado ananyonya," alisema, na hadi leo, pamoja na elimu yangu yote, sijathubutu kumcheka.

Halafu ikaja mashine ya kupasulia mbao.

Mzungu fulani alipewa kibali cha kukata mikafuri huko juu, ukingoni mwa msitu. Tulisikia msumeno wake siku nzima, ukilia kama nyuki aliyefungiwa kwenye debe. Baada ya majuma machache maji ya mto yakaanza kunuka dawa ya kifua. Chai ilinuka kifua. Uji ulinuka kifua. Cucu, ambaye alikuwa na kikohozi tangu vita vya kwanza vya Wazungu, alisema ni maendeleo.

Na samaki wakaja juu. Ijumaa moja tuliwakuta wamejaa kando ya mto, midomo nje ya maji, wakifungua na kufunga kama waumini wasiojua maneno ya wimbo. Ungeweza kuwaokota kwa mkono. Igoki na mimi tulijaza vikapu viwili, tukajaza na sketi zetu. Kijijini ilikuwa sherehe. Sajini alikula siku sita mfululizo, lango likakaa wazi siku sita, ghala zikaanza kuonekana kama ghala. Mzee wa dua alisema samaki wameitika maombi. Hakuna mtu katika kijiji chetu aliyejua samaki mgonjwa anafananaje, kwa sababu hakuna aliyewahi kumtazama mzima.

Baba Igoki peke yake hakucheka. "Hawa hawaji kwetu," alisema. "Wanayakimbia maji."

"Kwa nini?" niliuliza, bila shaka.

Kwa mara ya kwanza maishani mtu mzima hakuniambia nile viazi. Alisema, "Twende tukaone." Cheti kilisema mtoni. Hakikusema upande gani wa mto. Tukapanda.

Tuliyoyaona huko juu nayaona hadi leo. Miti haikuwepo. Palikuwa na visiki vyekundu hadi mwisho wa macho, na mashine chini ya bati, na kando yake, juu ya ukingo wa mto, mlima wa unga wa mbao. Mlima kweli, mrefu kuliko kanisa, rangi ya mkate, laini, wenye joto, unaonukia vizuri. Baba Igoki alivua kofia kama mtu aliyefika kwenye msiba.

Sisi tulipanda juu yake, tukateleza.

Nisameheni, nilikuwa na miaka tisa. Kwa mwaka mzima sikuwa nimeona kilima kisicho na bunduki juu yake. Tuliteleza kwa makalio, tukateleza kwa tumbo, tukateleza tumeshikana tukipiga kelele, na kila tulipofika chini tulisukuma mtoni unga wa kujaza toroli nzima. Ulielea, ukalowa, ukazama, ukatanda juu ya mawe ambako kuyu walitaga mayai. Baba Igoki alitazama mto, kisha akatutazama sisi. Nadhani alitaka kutukataza. Badala yake alikaa kwenye kisiki, akatuacha tucheze mpaka tukachoka. Nimesoma vitabu vingi vinavyoeleza ni nani aliyeharibu nchi hii, na nakubaliana navyo, ila katika orodha hiyo naongeza kila mara makalio ya watoto wawili.

Jumanne iliyofuata migono ilitoka mitupu. Ijumaa, mitupu. Mawe yalikuwa yamevaa blanketi la unga uliooza, na povu lilipita juu kama la sabuni. Baba Igoki alihamisha mitego chini, akaihamisha tena, akafika mbali kadiri alivyoweza kwenda na kurudi kwa siku moja. Hakuna. Sajini Ouma akarudi kuwa mkali. Saa sita kamili filimbi ililia, na aliyechelewa alimwagiwa kikapu chake chini. Kufikia mwisho wa mwezi tulikuwa tunakula maganda, na mtoto wa jirani yetu hakuweza tena kusimama.

Ndipo wanawake walipofanya kikao kibandani mwetu, na ndipo akili ya watu wetu ilipofikia kilele chake.

"Huyu mtu anataka samaki," alisema Cucu. "Tumtengenezee."

Alichagua nduma kubwa, ndefu, akaitwaa na kisu. Wanawake saba walimzunguka wakishauriana. Tatizo, kama nilivyokwisha kusema, ni kwamba walikuwa wamesalimia ua muda wote huo.

"Ana shingo?" mmoja aliuliza.

"Kila kitu kina shingo," alisema Cucu, akachonga shingo.

"Na mkia?"

"Wa kondoo," alisema mama mwingine kwa uhakika. "Mnene. Ndiyo maana ana mafuta."

"Atasikiaje wavuvi wakija, kama hana masikio?" aliuliza Cucu, na hakuna aliyeweza kupinga hoja hiyo. Akachonga masikio mawili, yamesimama, mazuri sana, kama ya sungura. Igoki alikuwa ameanguka sakafuni nyuma yangu akiuma pindo la kanga yake. Mimi nilitaka kuwaambia. Lakini kumwambia Cucu kwamba samaki hana masikio ilikuwa kukiri kwamba nimemtazama usoni. Nilinyamaza, mimi Kwa Nini, kwa mara ya kwanza. Walimkaanga kwa mafuta ya ng'ombe, wakamwekea macho ya maharagwe, na Cucu akamfunika kwa jani la mgomba akaenda naye langoni, wanawake saba nyuma yake kama msafara wa mahari.

Sajini Ouma alifunua jani. Alimtazama yule kiumbe. Kiumbe kilimtazama kwa maharagwe.

"Huyu," alisema Sajini taratibu, "ana masikio."

Hata mlinzi mwenye bunduki aliinama kutazama.

"Ndiyo, mwanangu," alisema Cucu kwa Kiswahili chake cha maneno ishirini. "Yeye sikia vizuri."

Mdomo wa Sajini ulianza kutetemeka. Nilidhani tumekwisha. Kisha kicheko kilimtoka puani, kikamtoka tumboni, kofia ikaanguka, akashika nguzo ya lango akalia machozi, na kila alipojaribu kusimama wima aliona yale masikio akainama tena. Mlinzi naye akacheka. Wanawake wakaanza kucheka bila kujua kosa liko wapi. Cucu peke yake hakucheka. Alingoja wamalize, halafu akasema, "Sasa kula. Watoto yetu njaa."

Sajini akaacha kucheka. Alivunja sikio moja, akalitafuna, akameza. "Samaki wa kweli wako wapi, mama?"

Cucu hakujua. Mimi nilijua. Nikasonga mbele ya suruali yake, nikamweleza yote: unga wa mbao, mlima, mawe, povu. Nilieleza hata kuteleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akamwita Baba Igoki, wakapanda wawili kwenda kwa mzungu wa mashine.

Ningependa kuwaambia kwamba mashine ilifungwa. Haikufungwa. Juma lililofuata ilikuja barua ya kumhamisha, mbali, upande wa jangwa, ambako hakuna mto wa kusumbua mtu. Siku ya kuondoka alifungua daftari la langoni, akaandika kwa herufi kubwa: lango, saa tatu hadi saa kumi. Akapiga muhuri. Aliyekuja baada yake alikuwa mtu wa sheria. Alikuta imeandikwa, akafuata, na kwa kuwa hakuwa na udadisi hata chembe, alifuata mpaka Emajensi ikaisha. Mtoto wa jirani alisimama tena. Leo ni karani mjini Embu, mnene, na hapendi nikimkumbusha kwamba yuko hai kwa sababu ya nduma yenye mkia wa kondoo.

Watu wa mto hawakupata masikio ya kuwaokoa. Familia mbili ziliomba kurudishwa bondeni, ambako nasikia maji yalifika yamechelewa lakini yalifika na unga wake. Baba Igoki alibaki, akapewa kazi kwenye mashine. Kazi ilikuwa kusukuma toroli ya unga wa mbao na kuimwaga mtoni. Hakunuka samaki tena, alinuka mkafuri, na wanawake wa kijiji, kwa mara ya kwanza, walimsalimia wakimtazama usoni. Igoki aliniambia baba yake hakuipenda salamu hiyo. Alisema alizoea visogo.

Siku hizi Igoki ana shamba la ndizi Mitunguu, na watoto watano wanaouliza maswali kama mimi, jambo ambalo analiona kama adhabu. Njiru hula samaki hotelini mjini, wa kukaangwa, wametoka ziwani kwa lori, na anajiona mtu wa kisasa. Hajawahi kuchovya mguu mtoni petu. Simlaumu sana. Mlima wa unga ulishaoza, magugu yameufunika, na mto wenyewe unaweza kuuruka bila kuvua viatu, hata vile vyake vya visigino vya orofa mbili. Sasa ni mimi ninayegeuza uso nikipita hapo.

Cucu bado yupo, hana meno, ana kikohozi kilekile. Jioni huwachongea vitukuu samaki wa nduma, wenye shingo, mkia wa kondoo na masikio yaliyosimama. Mwezi jana mmoja wao alirudi na daftari la shule. Aliambiwa achore samaki, akachora, na mwalimu, kijana aliyetoka chuo juzi, akampiga yule samaki alama ya mkasi kwa wino mwekundu kuanzia sikio hadi sikio. Mtoto alikuwa analia. Nilianza kumweleza, kwa upole na kwa elimu yangu yote, kwamba mwalimu yuko sahihi.

Cucu alinikatiza. Alilitazama daftari, kisha akatazama chini kule mtoni, kisha akanigeukia.

"Huyo mwalimu," aliuliza, "yeye samaki amemwona wapi?"